Kaleb wa Aksum: Mkombozi wa Najran au Mvamizi wa Yemen?

Kwa Kanisa la Othodoksi la Ethiopia, Kaleb ni mtakatifu. Wakatoliki nao wanamkumbuka kwa jina la Elesbaan, jambo la kushangaza kidogo, maana kanisa lake lilifuata Aleksandria, na Aleksandria ilikuwa imeupinga Mtaguso wa Kalkedoni wa mwaka 451, mkutano wa maaskofu ulioamua kuhusu asili ya Kristo. Kwa Roma hao walikuwa wazushi. Kilichomvusha kizingiti hicho ni vita moja tu. Mwaka 525 mfalme huyu wa Aksum, ufalme wa kale wa Wahabeshi, alivuka Bahari ya Shamu na jeshi lake, akamng'oa mfalme wa Himyar, nchi tuiitayo leo Yemen, kwa kuwa mfalme yule alikuwa amewachinja Wakristo wa Najran. Wanahistoria wengi wa siku hizi wanaitazama vita hiyo kwa jicho jingine: wanasema ilikuwa vita ya bandari na ushuru, ikavishwa joho la dini.

Kwanza Najran yenyewe, kwa sababu upande wowote ukiiruka unajidanganya. Mfalme wa Himyar alikuwa Yusuf Asar, ambaye Waarabu wanamjua zaidi kama Dhu Nuwas, mfuasi wa dini ya Kiyahudi. Mwaka 523 aliuzingira mji huo wa misafara, na ulipoingia mikononi mwake kanisa lilichomwa moto na waumini wakauawa kwa mamia, akiwemo mzee wao Harith bin Kaab. Habari hizi hazikutoka kwa mahasimu wake peke yao. Jemadari wake mwenyewe alichonga mwambani, jangwani huko karibu na Najran, hesabu ya kampeni ya mwaka ule: waliouawa zaidi ya 12,000, mateka 11,000, na ngamia, ng'ombe na kondoo 290,000. Alichonga kwa kujivuna, si kwa kuungama. Na yeyote aliyepita chuo cha Kurani akahifadhi Juzuu Amma, sehemu yake ya mwisho, amekutana na kisa hiki bila kujua, kwani wafasiri wengi wanawahusisha watu wa mahandaki ya moto wa Surat al-Buruj na waumini hao wa Najran.

Wanaomtetea Kaleb wanauliza: alitakiwa akae kimya? Barua za askofu Simeoni wa Beth Arsham zilikuwa zimesambaza habari za mauaji hayo katika makanisa ya Mashariki. Kaisari Justin I wa Konstantinopoli, ambaye kwa imani alikuwa upande wa Kalkedoni, alimhimiza Kaleb aende, na ujumbe huo ukapitia kwa patriaki wa Aleksandria. Masimulizi ya Kigiriki yanazitaja merikebu 60 zilizokusanywa kutoka bandari mbalimbali, 20 kati ya hizo zikitoka Clysma, kando ya Suez ya leo, na nyingine 10 ambazo Kaleb aliziunda mwenyewe. Baada ya ushindi hakumweka Mhabeshi kwenye kiti cha Himyar. Alimweka Sumyafa Ashwa, Mhimyari Mkristo. Alijenga kanisa huko, na maandishi yake ya mawe yamejaa aya za Zaburi.

Hoja hizo zina uzito. Udhaifu wake ni kwamba zinaianza hadithi mwaka 523, na Aksum haikuanza kuitamani Himyar mwaka huo. Karne ya 4 mfalme Ezana alikuwa tayari akijiita mfalme wa Aksum na wa Himyar. Na kabla ya Yusuf kushika madaraka, Himyar ilitawaliwa na Madikarib Yafur, mtu aliyeegemea mgongo wa Aksum, huku askari wa Kihabeshi wakiwa na kambi mjini Zafar, makao makuu ya ufalme. Yusuf alianza kwa kuwaua askari hao na kulichoma kanisa lao. Halafu akashuka pwani hadi Mukha, akaweka ulinzi baharini dhidi ya Wahabeshi. Najran ilifuata baadaye. Machoni pake Mkristo wa Himyar alikuwa kibaraka wa mfalme wa ng'ambo.

Simtetei Yusuf. Watu waliochomewa kanisani Najran hawakuwa askari wa kambi ya Zafar, na hakuna siasa inayoweza kuusafisha unyama ule. Lakini ni lazima tukubali kwamba Kaleb alikwenda kuzima moto ambao kuni zake nyingine zilitoka kwao. Kambi ile iliwafanya Wakristo wa Himyar waonekane wageni katika nchi yao.

Hoja ya biashara nayo ina ushahidi. Aliyeshika kingo zote mbili za Bab el-Mandeb, mlango-bahari ulio kati ya Yemen na Afrika, alishika mlango wa mali ya Bahari Hindi, na watu wa Yemen walikuwa na mkono mrefu baharini tangu zamani: mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1 unasema kwamba hata Rhapta, bandari ya pwani yetu ya Afrika Mashariki, ilikuwa chini yao. Aksum yenyewe iliishi kwa pembe za ndovu na dhahabu zilizopitia Adulis, bandari yake. Ushahidi ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ni ule wa mwaka 531 hivi, pale Kaisari Justinian alipomtuma balozi Julian. Kwa mujibu wa Procopius, mwanahistoria wa Kigiriki wa zama hizo, balozi alianza na udugu wa imani: sisi sote Wakristo, tushirikiane dhidi ya Waajemi. Kisha akafika kwenye shabaha. Wahabeshi wanunue hariri kwa Wahindi wawauzie Waroma, yaani watu wa Konstantinopoli, fedha isiendelee kuingia Uajemi. Kaleb alikubali, ila haikuwezekana, maana wafanyabiashara wa Kiajemi walikuwa wakizidaka jahazi za Kihindi bandarini na kununua shehena nzima. Katika maombi hayo udugu na hariri vilikaa sentensi moja, na hakuna aliyeona aibu.

Kwa hiyo wanaosema dini ilikuwa kisingizio tu nao wanazidisha. Kama Kaleb alitaka ushuru peke yake, pwani ingemtosha. Hakuwa na haja ya kupanda milimani hadi Zafar, kujenga makanisa, wala kumtafuta mfalme Mkristo. Jiwe la Sumyafa Ashwa, ambalo leo liko Istanbul, linamtaja Mwingi wa Rehema na mwanawe Kristo Mshindi. Jiwe hilohilo linawataja wafalme wa Aksum kuwa mabwana wa nchi. Aliyelichonga hakuona mgongano kati ya mambo hayo mawili, na nadhani Kaleb pia hakuuona. Kutenganisha ibada na himaya ni tabia yetu sisi, na kumpima kwayo hakutufikishi mbali.

Kipimo changu ni kile alichokifanya baada ya kushinda, na hapo sifa zake zinapungua. Masimulizi ya Kisiria yaliyoandikwa na watu wa upande wake yanasimulia jinsi askari wa Aksum walivyoua ovyo, kwa vile hawakuielewa lugha ya wenyeji na hawakuweza kumjua Mkristo na asiye Mkristo. Wakristo wa Himyar walilazimika kujichora alama ya msalaba mikononi na kuionyesha ili wasiuawe na wakombozi wao.

Kaleb aliporudi nyumbani aliacha jeshi na deni la kodi ya kila mwaka. Jeshi hilohilo ndilo lililomwangusha Sumyafa Ashwa na kumweka Abraha, ambaye Procopius anasema aliwahi kuwa mtumwa wa mfanyabiashara Mroma huko Adulis. Ndiye Abraha ambaye mapokeo ya Kiislamu yanamtaja kwenye kisa cha wenye ndovu. Kaleb alituma askari 3,000 ili wamwadhibu. Walifika, wakaipenda nchi, wakamuua kamanda wao na kujiunga na mwasi. Akatuma jeshi la pili, likapigwa.

Mapokeo ya Ethiopia yanasema kwamba Kaleb alilitoa taji lake likatundikwe Yerusalemu, kwenye Kaburi Takatifu, naye akajitenga akawa mtawa katika monasteri ya Abba Pantelewon, nje kidogo ya Aksum. Watetezi wake wanaliona taji hilo kuwa jibu la shutuma zote: asiyejali madaraka hawezi kuwa mvamizi. Mimi sioni kama linafuta lolote, ingawa sina sababu ya kuitilia shaka toba ya mtu aliyeona majeshi yake mawili yakipotea. Procopius, aliyeishi zama hizo, hataji taji wala monasteri. Anasema tu kwamba Kaleb aliacha kupigana na Abraha, na kwamba baada ya kifo chake Abraha alikubali kumlipa kodi mrithi wake. Aksum ikapata kwa maelewano kile ambacho Kaleb alishindwa kukipata kwa vita.