Ganda la sarafu linadanganya

Makala niliyosoma inasema mashine ya eksirei ya mkononi inatosha kujua madini ya sarafu za shaba za masultani wa Kilwa. Haitoshi. Ishara ya shaba, yaani eksirei inayorudi kwenye mashine, inatoka kina cha makumi machache ya mikromita (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na sarafu iliyolala karne kadhaa kwenye mchanga wa chumvi mara nyingi ina ganda la kutu nene kuliko hapo. Ndani ya ganda hilo shaba imechujika, madini ya bati yaliyochanganywa nayo yamebaki, basi kipimo kinaonyesha bati jingi kuliko lililokuwemo. Madini ya risasi ndiyo yanayosumbua zaidi: haiyeyukani na shaba ikipoa, hukaa vitonevitone. Ukilenga kitone, asilimia ya risasi inaruka.

Ili upate madini ya ndani, toboa ukingoni kwa ncha ya milimita 0.6, mbali na maandishi (kwenye sarafu za Sultani Ali bin al-Hasan, maneno ya upande mmoja yana vina na ya upande wa pili, yasiguswe kabisa!). Vumbi la kwanza, la kijani au jekundu, litupwe. Kusanya chembe zinazong'aa tu, miligramu 10 hivi. Usiyeyushe chembe hizo kwa asidi ya naitriki peke yake, bati hugeuka unga mweupe ukatuama chini na kipimo kikalikosa. Changanya na asidi ya haidrokloriki, sehemu tatu kwa moja ya naitriki.