Khalid bin Barghash hakuwa mrithi

Kila msimu wa wageni hadithi ni ile ile mbele ya Beit al-Sahel, kasri la zamani la masultani wa Unguja: vita vya 1896, vifupi kuliko vyote duniani, dakika 38, mizinga ya Kiingereza, na Khalid bin Barghash, mwana wa mfalme aliyepokonywa kiti chake cha halali. Wageni hucheka kwa ufupi wa vita, wakapiga picha, wakahamia Forodhani kula. Neno linaloniuma hapo ni hilo "halali".

Kiti cha Unguja hakikuwa na mrithi wa kuzaliwa. Hesabuni wenyewe. Baada ya Seyyid Said, sultani wa Oman na Unguja, walitawala masultani kumi, ukimtoa Khalid. Waliopokea moja kwa moja kutoka kwa baba zao ni wanne tu: Majid, Ali bin Hamoud, Abdullah na Jamshid. Majid, Barghash, Khalifa na Ali bin Said ni watoto wa baba mmoja, walipokezana tangu 1856 hadi 1893. Kisha akaja Hamad, mtoto wa ndugu yao Thuwaini wa Oman. Baada yake Hamoud, mtoto wa ndugu mwengine tena.

Wala hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Kwa Ibadhi, madhehebu ya masultani hao, kiongozi huchaguliwa na wanazuoni na wakubwa, kisha hupewa baiya, yaani kiapo cha utii. Kuwa kifungua mimba hakumpi mtu haki yoyote. Seyyid Said alijaribu kulipanga jambo hilo mapema. Mwaka 1844 aliwaandikia Waingereza kwamba mwanawe Khalid (si huyu wa mizinga) atashika huku, na Thuwaini atashika Oman. Khalid yule akafariki 1854, kabla ya baba yake. Miaka miwili baadaye mzee mwenyewe akafia baharini karibu na Shelisheli. Barghash, aliyekuwa naye chomboni, akajaribu kuikamata serikali kabla ya Majid, asifaulu. Akajaribu tena 1859, safari hii akaishia kupelekwa Bombay. Alikaa huko kama miaka miwili, na watu wengi huamini kwamba Bombay ndiyo iliyomfundisha utawala kuliko kasri lolote.

Kwa hiyo siku ya msiba yaliangaliwa mambo matatu: nani yumo ndani ya kasri, askari wanamtii nani, na, hasa baada ya Unguja kuwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza 1890, Waingereza wanamkubali nani. Khalid alilijua hilo. Ali bin Said alipofariki 1893 aliwahi kuingia kasri, akatolewa bila vita. Hamad alipofariki tarehe 25 Agosti 1896 akaingia tena, mara hii na askari kwa mamia, mizinga, na meli ya sultani, Glasgow, imetia nanga mbele ya kasri. Alikuwa na mawili ya mwanzo, la tatu likamkosa. Tarehe 27, saa tatu asubuhi, muda wa onyo la Waingereza la kumtaka atoke ukaisha, mizinga ikaanza.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba Mwingereza hakuwa na haki ya kutuchagulia mtawala. Lakini dhulma yake haimgeuzi Khalid kuwa mrithi. Alikuwa mmoja wa waliokitaka kiti, akawahi mlango.

Na kama kulelewa kwa ajili ya ufalme kungetosha, mtazameni Ali bin Hamoud. Alisomeshwa Harrow, Uingereza. Mwaka 1902 alikalia kiti akiwa na miaka 18, waziri wa Kiingereza akamshikia serikali hadi 1905. Mwaka 1911 alikwenda Ulaya kuhudhuria kutawazwa kwa George V, na kabla mwaka haujaisha akaacha kiti akiwa huko huko. Alifia Paris 1918. Aliyempokea ni shemeji yake, Khalifa bin Harub, mzaliwa wa Muscat aliyeletwa Unguja 1893 akiwa kijana mdogo. Hakuna aliyemlea awe sultani wetu. Lakini aliishi hapa miaka 18, akaona watawala watatu wakipita na wa nne akipigwa mizinga, na kiti alikikalia karibu miaka 49, hadi Oktoba 1960. Naamini miaka ile ya kutazama bila kutarajiwa ilimfaa kuliko skuli yoyote.

Na hata palipokuwa na urithi wa baba kwa mwana, haukudumu. Mwinyi Mkuu wa Dunga, mtawala wa jadi wa wenyeji wa Unguja, alikuwa na siwa na ngoma za utawala, na mwana aliyempokea baba yake 1865. Mwana huyo alipofariki 1873, ukoo ulikatika.

Ninachowaomba watembeza wageni ni kuhamisha uzito wa hadithi. Khalid alikimbilia ubalozi wa Kijerumani, akapelekwa Dar es Salaam, akaishi hadi 1927. Waliobaki ndani ya kasri la mbao na mawe ya matumbawe, kiasi cha watu 500 waliouawa na kujeruhiwa katika dakika zile 38, walikuwa askari, watumishi na watumwa. Waliwekwa dirishani kulinda haki ambayo haikuwahi kuandikwa popote. Mgeni anapocheka ufupi wa vita, mwambieni idadi hiyo kwanza, ndipo mumtajie dakika.