Bushi zimekwisha na gari linauzwa: utengeneze au upunguze bei?

Ukitangaza kuuza gari hapa Mbeya, ushauri wa kwanza utakaoupata, iwe kwa fundi wa Mwanjelwa au kwa dalali wa Uyole, ni kulipeleka gereji kabla mteja hajaja. Badilisha bushi, yaani mipira ya kwenye maungio ya chini ya gari, weka shokapu, funga tairi mpya. Anayeuza gari kama lilivyo huonekana bahili, au mtu mwenye jambo analoficha. Naona tunamwonea.

Ushauri wenyewe una msingi. Mnunuzi akisikia kelele chini anapovuka tuta, hajui kama ni linki ya stabilaiza, kijiti cha kuunganisha chini ya gari, au ni raki ya usukani, mtambo wenyewe unaogeuza magurudumu. Hufikiria baya zaidi na kukata bei kwa kadiri ya hofu yake. Linki ni spea ndogo. Ibadilishe, utarudisha hela yako. Betri nayo ni hivyo hivyo: asubuhi ya Julai, kwa baridi yetu, gari linalosuasua kuwaka limeshamkosa mteja.

Lakini anayetengeneza ili auze hatengenezi kama anayetengeneza ili aendeshe. Dukani atachukua bushi za bei ya chini kabisa, zitakazonyamazisha kelele mpaka kadi ibadilishwe jina. Mnunuzi anaongezewa bei kwa sababu ya “bushi mpya” ambazo mwenyewe asingezichagua, tena hakuwepo zilipofungwa. Angepunguziwa kiasi hicho, angenunua za uhakika na kumsimamia fundi wake.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba vifaa vilivyochakaa ni ushahidi. Angalia tairi za mbele. Iliyolika katikati imeendeshwa na upepo mwingi kupita kiasi. Iliyolika kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Yenye mabonde mabonde inakuelekeza kwenye shokapu zilizokufa. Iliyolika upande wa ndani tu inasema magurudumu hayako sawa, huenda kwa sababu ya bushi au boljointi (kiungo cha duara kinachoshikilia gurudumu), huenda kwa sababu gari liliwahi kugongwa na chasi ikapinda. Fundi makini hupitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha akakirudisha, akitafuta upande wenye makali. Funga tairi nne mpya na habari zote hizo zimefutika. Muuzaji hajatamka uongo hata mmoja, na bado mnunuzi amenunua akiwa amefumbwa macho. Ataanza kuelewa tairi hizo mpya zitakapoanza kulika upande ule ule.

Breki siziingizi kwenye hoja hii. Mnunuzi anaondoka na gari siku hiyo hiyo, na mbele yake kuna mteremko wa Iwambi au Mlima Nyoka, na Kitonga kama anaelekea Morogoro. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa: kwa kiwango cha DOT 3, mojawapo ya madaraja ya mafuta ya breki, mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205, ila yakishanyonya unyevu kiwango hicho hushuka hadi 140. Ukishuka mlima mrefu mguu ukiwa kwenye breki, yanaweza kuchemka, yakatoa mvuke, na pedali ikazama mpaka chini. Punguzo la bei halimsaidii mtu aliyefikwa na hilo. Kwa hiyo pedi, mafuta ya breki, boljointi iliyolegea na tairi iliyobaki nyuzi, vitengenezwe kabla ya funguo kukabidhiwa, na vile vya zamani viwekwe kwenye buti mnunuzi avione.

Vilivyobaki, mwambie fundi aviandike kwenye karatasi, kila kimoja na bei yake ya dukani ya wiki hiyo, na mnunuzi apewe karatasi hiyo kabla hajataja bei. Dalali atalalamika kwamba inashusha bei. Inashusha kweli. Ila mnunuzi aliyeisoma hana sababu ya kukupigia simu wiki ya pili akidai arudishiwe hela yake kwa bushi ambazo alijua zimekwisha.