Dakika Kumi Kati ya Vipindi

Ukitaka kujua barabara za chuo zina hatari gani, usizitazame wakati watu wako madarasani. Zitazame kipindi kinapoisha. Milango inafunguliwa, mamia ya wanafunzi wanamwagika nje kwa mkupuo, kila mmoja anawahi ukumbi mwingine, wengi wameinamia simu. Saa hiyo hiyo mhadhiri aliyechelewa anazunguka kutafuta maegesho, na mwenye baiskeli anapenya katikati yao wote.

Mabango ya usalama humwandama zaidi mtembea kwa miguu: toa spika masikioni, weka simu mfukoni, vuka kwenye kivuko. Ushauri mzuri, nami naufuata nikiukumbuka. Ila mimi chuoni hutembea, huendesha baiskeli na siku nyingine huja na gari, na najua vizuri ni siku ipi ninaweza kuua mtu.

Gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa hula karibu mita 14 kila sekunde. Kwenye 30, mita nane na kitu. Sekunde ya kwanza humwishia dereva akishtuka tu, mguu bado haujafika kwenye breki. Tena nguvu ya kugonga haipandi sambamba na mwendo: gari la 50 hubeba nishati karibu mara tatu ya lile la 30. Ndiyo maana Azimio la Stockholm la mwaka 2020, la mkutano wa mawaziri wa dunia kuhusu usalama barabarani, lilihimiza kikomo cha kilomita 30 pale magari yanapochanganyika na watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Chuo chote ni mahali pa namna hiyo. Kwangu mimi, dakika kumi za kubadilishana vipindi hata 30 ni nyingi.

Kosa linaloniudhi kuliko yote ni kulipita gari lililosimama kwenye kivuko. Limesimama kwa sababu kuna mtu anavuka, na wewe humwoni kwa kuwa hilo gari limemkinga.

Wenye baiskeli nasi tuna yetu. Usiku bila taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, unajiona mwenyewe tu. Halafu kuna mlango wa gari lililoegeshwa, unaofunguka ghafla usoni pako. Dereva, fungua mlango kwa mkono ulio mbali nao. Mwili utageuka wenyewe na utaona anayekuja nyuma.

Lakini lawama zangu kubwa ni kwa wanaopanga njia. Kuna mahali nyasi zimekanyagwa mpaka udongo ukabaki mtupu, kwa sababu watu hukata hapo kila siku kwenda maktaba. Kivuko kilichorwa mbali, pasipo na mtu. Badala ya kukihamisha, wakaweka uzio. Sasa watu wanauruka, na wakitua upande wa pili wako barabarani tayari, bila hata nafasi ya kutazama kushoto na kulia.