Maji na Nywele

Alhamisi ile ya tarehe 12 Juni 2025, Waziri wa Fedha aliposimama Dodoma kusoma bajeti ya trilioni 56.49, mimi nilikuwa kibandani kwangu Kirumba, Mwanza, jirani na mwaloni wanakoshusha samaki, nasukuma chapati. Redio ya jirani ikatamka "trilioni", nikaweka kifimbo chini nikachukua simu, nijue hizo ni chapati ngapi kwa bei ya 500. Bilioni 112 na ushee. Nikachungulia unga uliobaki kwenye ndoo. Nikaendelea kusukuma.

Alfajiri yake muuza maji kaja na mkokoteni. Dumu la 200 limekuwa 300.

"Vipi tena, kijana?"

"Bajeti, mzee wangu."

"Si umechota hapo ziwani? Ziwa limekuwepo kabla ya wizara!"

"Kwani jana hukusikiliza redio?"

Bajeti yenyewe inaanza tarehe 1 Julai. Kirumba huwa inaanza waziri akikohoa tu kusafisha koo. Mchana nikaenda kwa kinyozi, na kichwa changu mnakijua, nywele zimebaki za pembeni kama ufukwe. Kaongeza 500. Nikamuuliza ni kipengele gani cha hotuba kimegusa kipara. Akasema umeme. Umeme upi, na mkasi ule?

Halafu nenda dukani ukaulizie kitu kilichopunguziwa kodi. Utaambiwa, "Huu ni mzigo wa zamani, subiri mpya uingie." Sawa. Ila kilichoongezewa kodi, mzigo wa zamani vilevile, rafu ileile, na vumbi lake halijapanguswa, kimepanda bei usiku uleule.

Na mwaka 2021 ndiyo usiseme. Wateja wangu makuli walikuwa wananilipa kwa simu kila Jumamosi. Julai 15 tozo za miamala zikaanza, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi unachotuma. Kuli mmoja mrefu, namdai 3,000, akaapa atanilipa mkononi kukwepa tozo. Mkono sikuuona. Septemba serikali ikapunguza tozo kwa asilimia 30, nikamfuata kumpa habari njema. Akasema yeye anasubiri ziishe kabisa.

Basi mwaka huo wa 2025 akapita afisa wa kodi, kijana mpole tu, kanywa chai na kalipa. Akanielewesha kwamba mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato. Nikapiga hesabu kichwani: ni kama chapati 22 kwa siku, na chai humo sijaihesabu. Mimi navuka hapo, nafika kama milioni 5. Akasema kundi la hadi milioni 7, asiye na kumbukumbu analipa 100,000 kwa mwaka, mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kinachozidi ile milioni 4. Yaani mimi 30,000! Nikamwambia daftari ninalo, tena la jalada gumu. Nikalitoa chini ya ndoo kwa mbwembwe. Akafunua, akasoma kwa sauti: "Kuli mrefu, 1,500. Kuli mrefu tena. Yule wa kofia, 2,000, kasema kesho. Kuli mrefu, chai mbili." Akafunua tena. Akaniuliza mauzo yameandikwa ukurasa gani.

Shemeji yangu ana lake. Alikuwa anauza mahindi ya kuchemsha kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo. Wiki moja tu baada ya bajeti kusomwa, daraja la kwenda Busisi likafunguliwa, kilometa 3 juu ya maji. Mimi nalisifu, nimelipita, ni zuri mno. Lakini magari sasa yanapita pale kama yanakimbizwa, na huwezi kumuuzia hindi la moto mtu aliye mwendo wa 50. Foleni ndiyo ilikuwa soko lake. Saa hizi yuko kwangu, anakula chapati, naye yumo kwenye daftari.

Siku ya tatu na mimi nikapandisha. Chapati 600. Akaja babu mmoja mvuvi, mteja wa miaka, akaishika ile 500 yake mkononi.

"Unga umepanda?"

"Hapana, babu."

"Mafuta?"

"Bado."

"Sasa mia ya nini?"

"Maji, babu. Na nywele."

Akanitazama kipara muda mrefu sana, akaagiza chai peke yake.