Hukumu ya barabarani
Kinachoniudhi zaidi katika ajali ndogo za asubuhi hapa Dodoma si mkwaruzo wa gari, bali ni hukumu inayotolewa kabla ya askari wa usalama barabarani kufika. Juzi, nikielekea Mji wa Serikali, Mtumba, niliwasha taa ya kukunja kushoto na kupunguza mwendo, na bodaboda aliyekuwa nyuma yangu akajipenyeza upande huohuo wa kushoto, akagonga mlango na kuanguka. Namshukuru Mungu hakuumia. Hata hivyo, kabla sijamwinua vizuri, wenzake walikuwa wameshalizunguka gari wakidai fedha ya kutengeneza pikipiki, wala hapakuwa na hata mmoja aliyeuliza nani alikuwa wapi, kwa sababu machoni pao mwenye gari ndiye mwenye uwezo wa kulipa.

Sheria inataka kila chombo cha moto kiwe na bima, angalau ile ndogo inayofidia madhara kwa watu wengine. Bodaboda yule hakuwa nayo. Inauma kwamba kijana anayebeba abiria kutwa nzima, wakiwamo akina mama wenye watoto mgongoni, anaachwa bila kinga hiyo, huku mmiliki wa pikipiki anayepokea hesabu kila jioni akiwa haulizwi lolote.