Zebaki Inaondoka, Mate Yapo Palepale

Novemba 2025, jijini Geneva, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana kuachana na amalgamu, dawa ya kuziba meno, ifikapo 2034. Umoja wa Ulaya ulishaizuia tangu Januari 2025, isipokuwa pale daktari anapoona hakuna namna nyingine. Kwa hiyo kubishana kama dawa hiyo, ambayo karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, itatoka kwenye magego yetu ni kupoteza muda. La kuuliza ni kama kliniki zetu zimejiandaa kwa kompositi, ile dawa ya kuziba yenye rangi ya jino.

Wanaoitetea amalgamu wana hoja ya kusikilizwa. Mapitio ya 2021 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalionyesha kwamba vizibo vya kompositi kwenye meno ya nyuma huharibika karibu mara mbili ya vile vya amalgamu. Tatizo kubwa ni jino kuoza upya pembeni mwa kizibo. Katika kuvunjika, dawa hizo mbili hazikutofautiana sana. Ila takwimu hizo zimebebwa hasa na majaribio mawili yaliyofanywa kwa watoto, moja Lisbon na jingine Marekani, ambayo vizibo vyake vilianza kuwekwa miaka ya 1990. Gundi na dawa zimebadilika tangu wakati huo. Tena takwimu hizo hazisemi jino lenyewe limepoteza kiasi gani. Amalgamu haigandi kwenye jino, kwa hiyo daktari hulazimika kuchimba kina cha milimita 1.5 hadi 2 na kupanua tundu kwa chini ili kizibo kisitoke, hata kama itabidi akate sehemu ya jino isiyooza. Kompositi hushikwa na gundi. Kinachoondolewa ni kilichooza.

Gundi hiyo ndiyo nguvu ya kompositi, na ndiyo inayoiponza. Ili gundi ishike, asidi ya fosfori ya asilimia 37 hukaa kwenye enameli, gamba gumu la nje ya jino, sekunde 15 hadi 30, lakini kwenye dentini, tabaka lililo chini yake, isizidi 15. Baada ya kuoshwa, dentini huachwa na unyevu kidogo. Ukiipuliza hadi ikauke kabisa, nyuzi zake za protini, yaani kolajeni, hulala, gundi haipenyi, na mgonjwa hurudi akilalamika kwamba jino linamuuma akitafuna. Gundi husuguliwa kwa sekunde kama 20, hupulizwa taratibu hadi kiyeyusho kiishe, ndipo humulikwa kwa taa ya kuigandisha. Kisha kompositi huwekwa kwa matabaka ya milimita 2, kila moja likimulikwa kama sekunde 20. Zipo za kujaza kwa mkupuo zinazofika milimita 4. Ikiganda, kompositi husinyaa kwa takriban asilimia 2 hadi 3 ya ujazo wake, na ikiwa imeshika kuta zote kwa wakati mmoja, mvutano huo huweza kuibandua ukingoni. Ndiyo maana tabaka moja haliunganishwi na kuta mbili zinazotazamana.

Mahali panapoharibika zaidi ni sakafu ya tundu lililo kati ya gego na gego, jirani na ufizi. Hapo damu na mate viko karibu, enameli ni nyembamba au haipo kabisa, na ncha ya taa inaweza kuwa milimita 6 au zaidi kutoka chini, umbali unaopunguza mwanga. Ncha ikiwa na mabaki ya dawa iliyogandia, juu panakuwa pagumu na chini panabaki laini bila mtu kugundua. Kabari isipobana sawasawa utepe wa matriksi, ule unaozungushwa kwenye jino kuwa ukuta wa muda, dawa huchuruzika chini ya ufizi; utepe usipogusa jino la jirani, hubaki pengo la kunasia nyama kila mlo. Mate yakigusa kabla ya kumulika, ni kuosha na kurudia asidi na gundi. Kwenye foleni ndefu, ni hatua rahisi sana kuiruka. Mpira wa kutenga jino huzuia mengi ya haya, lakini unakula muda.

Kuna na visa vidogo ambavyo muuzaji wa dawa havitaji: kompresa inayopuliza hewa yenye mafuta, kizibo cha muda chenye mafuta ya karafuu kinachozuia kompositi kugandia vizuri, au enameli yenye madoa ya floraidi, ya kawaida Arusha na Kilimanjaro, ambayo huhitaji asidi ikae zaidi.

Kwa hiyo kompositi ni bora pale jino linapoweza kukaa kavu. Pasipowezekana, kung'ang'ania rangi ya jino ni kumuuzia mgonjwa sura. Njia ya tatu tunaijua: katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, ilianza mbinu ya kuondoa uozo kwa zana za mkono bila mashine. Leo tundu hilo huzibwa kwa glasi-ayonoma, dawa inayoshika jino bila asidi hiyo kali, inayovumilia unyevu kiasi, na inayotoa floraidi. Udhaifu wake ni kulika na kuvunjika kwenye tundu kubwa la pande mbili. Hapo huwezekana kuchanganya: glasi-ayonoma chini karibu na ufizi, na kompositi juu panapotafunia.